Simu ya getini ya waya mbili: haina kamera, na ndiyo niliyoitaka

Nilichokuwa natafuta hakina makuu: boksi la ukutani nje ya geti, lenye kitufe kimoja na spika. Mgeni abonyeze, simu ya jikoni ilie, niinue mkono wa simu nimuulize yeye nani. Kamera sihitaji. Programu ya kupakua kwenye simu ya mkononi sihitaji, wala akaunti ya kufungua ili picha za geti langu zikahifadhiwe nchi nisiyoijua. Nilitaka kisiingie maji na kisiliwe na chumvi, basi. Kwa masharti mepesi hivyo, karibu kila muuzaji niliyemwendea alinionyesha skrini ya inchi saba.

Tunakaa Raskazone, Tanga, upande ambao kusi ikivuma bahari inaingia mpaka kwenye mapazia. Bawaba za madirisha tunabadilisha kama watu wengine wanavyobadilisha balbu. Kengele za betri za kubandika ukutani zilikuja zikaenda, sina hata haja ya kuzisimulia. Mvua moja ya masika ya kupiga ubavuni, kwisha.

Ndani tuna swichibodi ndogo ya Panasonic, KX-TES824, iliyotoka kwenye ofisi iliyofungwa, mpwa wangu akaifunga chini ya ngazi. Kwa asiyeijua, inapokea laini 3 za nje na simu 8 za ndani, na ukiiongezea kadi inafika laini 8 na simu 24. Sisi simu za ndani tunatumia chache tu: jikoni, chumbani kwa mama, sebule ya juu, chumba changu cha cherehani, na banda la uani anapolala kijana wa bustani. Wageni hucheka, simu za mezani zama hizi! Waache wacheke. Mama amevuka miaka themanini na simu ya kupapasa kioo haimtii. Hii ya mezani anainua mkono, anabonyeza tarakimu tatu, ananipata jikoni bila vocha wala bando. Umeme ukikatika, swichibodi ipo kwenye UPS, ile betri ya akiba, na simu zote zinaendelea kuongea. Kwa hiyo swali langu lilikuwa moja: kitu gani kitaligeuza geti liwe simu nyingine ya ndani?

Njia ya kwanza ni ile ya Panasonic wenyewe. Wana simu zao za mlangoni, KX-T30865 ndiyo inayojulikana zaidi, lakini hizo huzichomeki kwenye laini ya ndani ya kawaida. Zinataka kadi yake ndani ya swichibodi, KX-TE82460, ambayo inachukua milango miwili. Ukiwa nayo unapata mlio wake wa pekee, unajua kabla hujainua kwamba ni geti na si mama. Ni mpango mzuri kwa aliyeipata swichibodi na kadi yake tayari imo. Yangu haikuwa nayo, na kadi za swichibodi za aina hii siku hizi ni za kuwinda kwenye vifaa vilivyotumika. Halafu nguzo yangu ya geti haina paa wala baraza, imesimama peke yake ikipigwa na jua na mvua.

Njia ya pili ni simu za getini za mtandao, zile zinazozungumza lugha ya SIP. Nilivutiwa na Grandstream GDS3705: ni ya sauti tu, haina kamera, ina vitufe vya namba na kisoma kadi, boksi lake ni la chuma, imepewa daraja la IP66 la kuzuia vumbi na maji, na inakula umeme kupitia waya uleule wa mtandao. Mwenye Asterisk yake, ile programu ya kuigeuza kompyuta iwe swichibodi, kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, au ofisi yenye swichibodi ya SIP, asihangaike kusoma zaidi, achukue ya aina hiyo. Mimi ningelazimika kuvuta waya wa mtandao hadi getini, kununua swichi ya kuupa umeme, kisha kutafuta mtafsiri kati yake na swichibodi yangu isiyoijua SIP. Yote hayo ili muuza maziwa aseme hodi!

Ya tatu ndiyo niliyoinunua. Ni simu ya kawaida iliyovishwa koti la chuma. Waya mbili tu. Swichibodi inaiona ni simu ya ndani kama ya jikoni, haina habari kwamba iko nje kwenye mvua. Haihitaji adapta wala betri, kwa sababu umeme wake unatoka kwenye laini yenyewe. Laini ya simu ikiwa imelala ina volti zake, kwenye mitambo mikubwa ni 48 na kwenye swichibodi ndogo mara nyingi ni pungufu, na mkono ukiinuliwa unapita mkondo wa miliampea kadhaa. Kwa kifaa cha kuongea tu hizo zinatosha. Hili ndilo lililonimaliza kabisa. Kitu cha nje kisichotaka umeme wa ukutani kina sababu moja pungufu ya kufa.

Madukani, kabla sijaipata, nilisikia mengi. Muuzaji mmoja nilimwuliza kama mashine yake ina IP65. Akanijibu kwa uhakika kabisa, "Hii ya kwetu haina IP, dada, ni ya analogi. IP ni zile za intaneti." Sikubishana naye. Ile IP ya maji na vumbi ni kipimo cha kiwango cha kimataifa, IEC 60529, na haina uhusiano na intaneti. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP54 maana yake vumbi la kudhuru haliingii na maji ya kurushiwa pande zote hayadhuru. IP65 maana yake vumbi haliingii kabisa, na kifaa kimepigwa maji ya bomba lenye mdomo wa milimita 6.3, lita 12.5 kwa dakika, kutoka mita 2.5 hadi 3, kwa dakika zisizopungua 3. Ni jaribio la maana. Ila hakuna mahali kinapopimwa chumvi, wala jua la Januari juu ya mpira wa kuziba, wala sisimizi. Kwa anayeishi Dodoma namba hiyo inaweza kumtosha. Kwetu pwani haimalizi maneno.

Kwa hiyo nilikuwa natembea na sumaku ya mlango wa friji mkobani. Muuzaji akisema "hii stenlesi mama", naigusisha. Ikinasa kwa nguvu, ama ni bati lililopakwa rangi ya fedha ama ni stenlesi ya daraja la chini. Isiponasa au ikinasa kwa kuvizia, tuendelee kuzungumza. Sumaku haitakwambia kama ni 304 au 316, na ile 316 ndiyo yenye molibdenumu inayostahimili chumvi zaidi, lakini angalau inachuja waongo wakubwa. Kariakoo nilitazamwa sana na sumaku yangu.

Huko Kariakoo ndiko nilikoipata, kwenye duka dogo la vifaa vya simu za ofisini. Jina la kiwanda halikuandikwa popote, si kwenye boksi si kwenye karatasi. Bei ilikuwa shilingi 185,000 baada ya kupatana, ikaja Tanga kwa basi kama kifurushi. Karatasi ya maelekezo ni ya Kichina na Kiingereza kwa herufi za kusomea miwani miwili. Muuzaji lakini alikuwa muungwana. Nilimtumia picha na maswali kwa WhatsApp akanijibu kwa sauti, bila kunifanya nijione msumbufu.

Uso wake ni bamba la stenlesi nene, ukilipigapiga kwa ukucha haliimbi kibati. Juu kuna matundu ya spika yaliyopangwa duara, katikati kitufe cha chuma, chini kushoto tundu moja la maikrofoni, chini kulia kijitaa chekundu kinachowaka mazungumzo yakiendelea. Kitufe kinaingia kidogo tu lakini kinagota, kidole kinajua kimebonyeza. Hilo ni muhimu kuliko linavyosikika, maana vile vitufe vya kugusa tu watu huvikandamiza mpaka vikapasuka. Nyuma ya bamba unazunguka mpira mweusi wa kuzibia. Ndani kuna vishikio vya skrubu: viwili vya laini, viwili vya kufuli la umeme, na viskrubu viwili vidogo vya kuongeza na kupunguza sauti ya spika na ya maikrofoni. Bodi ya umeme imemwagiwa kitu kama gundi ngumu inayong'aa, hewa ya chumvi haiigusi shaba. Wamarekani wa kampuni ya Viking huko Wisconsin wanatengeneza simu za mlangoni za namna hii wakiziita EWP, bodi zimezamishwa kwenye plastiki na viungio vya waya vimejazwa jeli, ila kuagiza huko ni safari nyingine. Hii yangu imeiga nusu ya mbinu hizo na nashukuru.

Kasoro ya kwanza niliiona kabla haijafungwa. Bamba halikunasa sumaku, skrubu zake zilinasa! Skrubu nne za kukaza uso zingeanza kulia machozi ya kutu kabla ya vuli. Nilikwenda kwa mafundi boti wa Deep Sea hapa Tanga nikanunua skrubu za stenlesi wanazofungia vyombo vyao, saizi ileile. Hizo hadi leo zinafunguka kwa bisibisi bila kugombana.

Kazi ya kufunga nilisimama nayo mwenyewe, na hapa ndipo namshauri mtu asiache fundi peke yake. Waya umepita ardhini ndani ya paipu, na ni waya wa jozi ya kusokotwa wenye jeli ndani, ule wa nje, si ule mweupe wa ndani ya nyumba. Unaingia kwenye boksi kwa chini, na kabla ya kuingia unashuka kidogo kisha unapanda, ili tone la maji linalofuata waya lidondoke kabla ya kulifikia tundu. Fundi akataka kuzungushia silikoni pande zote nne.

"Mama, tukiacha hapa chini wazi maji yataingia."

"Maji hayapandi ukuta, fundi. Ila jasho la ndani lazima lipate pa kuteremkia."

Akanitazama, akaziba juu na ubavuni, chini akaacha. Boksi la chuma likipigwa jua mchana na kupoa usiku hutoa jasho ndani, na ukiliziba kote unayafungia maji nyumbani mwake. Pale pa wazi tuliweka kipande cha wavu wa chandarua kwa ajili ya sisimizi na wale nyigu wajenzi wanaopenda kila tundu. Upande wa nyumba, waya unapoingilia, kuna kizuia radi kilichofungwa na waya wa ardhini. Waya mrefu uliotoka nje ya nyumba ni mwaliko kwa radi, na sikutaka mwaliko huo ufike kwenye swichibodi.

Kuipangia namba ni rahisi ukishaelewa. Unaipigia simu ukiwa ndani, inapokea yenyewe, unaingiza neno la siri la kiwandani, kisha unaihifadhia namba. Yangu inapiga jikoni kwanza. Jikoni kusipopokewa inahamia kwa mama, kisha cherehani. Badilisheni hilo neno la siri mara moja, ni 1234 na limeandikwa kwenye karatasi ambayo kila aliyenunua anayo. Ukikuta kifaa kisicho na kumbukumbu ya namba, usikitupe. KX-TES824 inaweza kupangwa ili laini fulani ya ndani ipige namba moja yenyewe pale tu mkono unapoinuliwa.

Kuna jambo ambalo sijaona muuzaji akilitaja. Waya huo wa getini ni laini kamili ya simu iliyotoka nje ya ukuta wako. Mtu akifungua boksi usiku akachomeka simu ya kawaida, anaweza kupiga nje kwa gharama yako. Kwa hiyo kwenye swichibodi laini ya getini imefungwa isiweze kupiga nje kabisa, ndani tu. Na vile vishikio viwili vya kufuli la umeme sikuvitumia, kwa makusudi. Anayefungua boksi akagusanisha waya hizo mbili amefungua geti. Kufuli likija, swichi yake itakaa ndani ya nyumba.

Sauti sasa. Asubuhi tulivu ni safi, namsikia mtu hata akihema baada ya kupanda baiskeli. Ila hii ni spika ya kupokezana: mmoja akiongea mwingine ananyamazishwa, na mashine inaamua wa kumpa nafasi kwa kusikiliza nani ana sauti kubwa. Bodaboda ikipita inapewa nafasi bodaboda. Kusi ikichachamaa, upepo unapiga tundu la maikrofoni na mimi nanyamazishwa na hewa tupu. Nilipunguza maikrofoni kwa kile kiskrubu na kubandika kipande cha sponji nyuma ya tundu, ikawa afadhali sana, si dawa kamili. Aliyejenga kando ya barabara kuu atafute yenye mkono wa simu wa kushika badala ya spika.

Na kukata simu. Simu hii haina mtu wa kurudisha mkono mahali pake, hivyo inasikiliza mlio ambao swichibodi hutoa upande wa pili unapokata. Milio hiyo hutofautiana mtambo kwa mtambo, na ya kwangu mashine haikuitambua. Mimi jikoni nimeshakata, getini kijitaa chekundu kinaendelea kuwaka na mgeni wa pili akibonyeza hapati kitu. Dawa ni mbili. Nikimaliza kuongea nabonyeza reli (#), inakata papo hapo. Na kwa asiyekumbuka, kuna kikomo cha muda wa mazungumzo, kiwandani wameweka sekunde 60.

Sekunde 60 hizo waliziweka watu wasioijua Tanga. Muuza maziwa akibonyeza na mama akapokea, mambo ni haya:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, hujambo mwanangu?"

"Sijambo. Umeamkaje?"

"Salama. Mama yako mguu unaendeleaje?"

"Anashukuru Mungu bibi, sasa anatembea mpaka—"

Tiii. Imekata, na maziwa hayajatajwa. Mama akadhani kijana amekosa adabu, kijana akadhani bibi kamkasirikia. Nimeweka sekunde 180 na sasa salamu zinaisha na lita zinatajwa. Mama pia amejifunza kumwacha mtu amalize kwanza ndipo ajibu, jambo ambalo kwetu sisi watoto wake halijawahi kutokea.

Kitu ambacho sikukitarajia kukipenda ni kwamba naweza kuipigia mwenyewe kutoka ndani. Napiga namba ya geti, inapokea kimyakimya, nasikia nje. Watoto wa mtaani waliokuwa wanabonyeza na kukimbia walisikia geti likiwaita kwa majina ya baba zao. Tangu hapo wanapita upande wa pili. Hata hivyo mtu aliyesimama pale hana namna ya kujua kwamba anasikilizwa, na hilo silifurahii. Ilitakiwa itoe mlio kwanza. Kijana wa bustani nimemwambia, asije akasimama hapo akisimulia mambo yake na mchumba wake.

Imeshapita masika na kusi. Nimefungua uso mara kadhaa kuchungulia: bodi kavu, vishikio vinang'aa, chini kuna vumbi jekundu kidogo na mguu mmoja wa nyigu. Bamba lilifanya madoa ya rangi ya chai, yale ambayo stenlesi ya pwani hufanya, yakatoka kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi. Hayo ndiyo matunzo yake yote.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imepotelea kwenye skrubu na mlio wa kukata. Ukienda kununua, nenda na sumaku, muulize muuzaji waya ngapi zinahitajika, na usiondoke mpaka aichomeke kwenye laini yoyote ya simu aliyonayo dukani uibonyeze uisikie. Akisema mpaka ufike nyumbani, mwachie. Geti la nyuma nalo litapata ya kwake mwaka huu, ila pale nitaifunga juu zaidi, maana mbuzi wa jirani wameshakitambua kitufe cha mbele.